Maji ya Mwisho Yako Karanga

Nanyamba hakuna mlima. Anayezaliwa kwetu, juu ya uwanda wa Makonde, hukua akiona mikorosho, vichaka na anga pana. Uwanda wenyewe unainuka polepole kutoka pwani ya Mtwara kuelekea magharibi, na hata kule Newala, ukingoni, ambako ardhi inaporomoka ghafla kuelekea bonde la Ruvuma, haufiki mita elfu moja kutoka usawa wa bahari. Lakini kupanda tunakujua. Tumefundishwa na maji.

Udongo wetu ni mchanga unaomeza mvua. Maji hayakai juu. Huzama, hupita chini kwa chini na kutokeza kwenye chemchemi za mabondeni. Wazee wetu walichagua kuishi juu kwa ajili ya usalama, vichaka vikiwakinga na wavamizi na wateka watumwa, na bei ya usalama huo wakailipa wanawake. Walishuka mabondeni usiku haujaisha, wakapanda na mitungi jua likiwa kali. Miaka ya 1950 ukaja mradi wa maji wa Makonde, wa kuyasukuma maji kwa mashine kutoka bondeni hadi juu. Nyumba nyingi nazo zikachimba visima vya saruji vya kuvunia mvua inayotoka kwenye bati. Ila mashine huharibika, na kiangazi kirefu hukausha kisima. Siku hizo mama yangu na wenzake waliirudia njia ya zamani: ngata kichwani, ndoo juu ya ngata, mkono mmoja umeshika ukingo wa ndoo na mwingine umeshika kichaka. Nilimfuata nyuma na kidumu changu, nikitazama visigino vyake. Nayaeleza haya mapema kwa sababu ndiyo macho niliyokwenda nayo Kilimanjaro.

Nilikwenda mwezi Desemba, malipo ya mnada wa korosho yalipoingia benki. Kila mwaka, kuelekea tarehe 9 Desemba, Watanzania hupanda mlima kwa makundi kukumbuka usiku ule wa mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipofikisha mwenge na bendera ya Tanganyika kileleni. Kundi letu lilikuwa la watu wa mikoa mbalimbali, wengi wetu hatukujuana kabla ya kufika Moshi. Safari ya basi sitaisimulia. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, kwa Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, na kutoka Dar hadi Moshi, ni nchi nzima kwa urefu wake, na unafika miguu imevimba.

Tulipitia njia ya Machame. Pale getini, kabla hujaona mlima wala jiwe, unakutana na mizani. Mizigo yote inapimwa: mahema, mitungi ya gesi, viazi, mayai, mabegi yetu. Kanuni ya hifadhi ni kwamba mpagazi asibebe mzigo unaozidi kilo 20. Mlimani hawaitwi wapagazi. Wanaitwa wagumu, nao wenyewe hujiita hivyo. Nilisimama pale mvua ya manyunyu ikinyesha, nikamwona kijana akikunja kitambaa, akakizungusha, akakikandamiza kichwani na kupandisha gunia juu yake. Ilikuwa ngata, ileile ya kwetu. Nikajikuta nimemsogelea kumsalimia kama mtu wa nyumbani.

Siku ya kwanza ni msitu. Ni mzuri kweli, miti imevaa kuvu na ndevu za kijani, mbega wanaruka juu kwa juu, na tope linanyonya buti. Msitu huu ndio unaonasa mvua na ukungu na kuzilisha chemchemi na mito ya mlima kuliko hata barafu ya kileleni. Watu wa Moshi, wa Hai, na wengine wote mpaka chini bonde la Pangani, wanakunywa kutoka humu. Kesho yake miti ikawa mifupi, ikageuka vichaka, na jioni tukawa juu ya uwanda wa Shira, karibu mita 3,800, tukinywa chai ya tangawizi na bisi huku meno yakigongana.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuuma, na hapo ndipo inafaa kueleza jambo ambalo wengi wanaopanda kwa hamasa hawaambiwi. Hewa ya juu haina upungufu wa aina. Sehemu ya oksijeni ndani yake ni ileile, asilimia 21, iwe Mikindani au kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyolegea, na kila pumzi inaingiza kidogo. Pale Uhuru, kilele chenyewe, mita 5,895, mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa pwani. Mwili unaweza kuzoea, ila unataka muda, na madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usiku wa leo usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko ulipolala jana. Kilimanjaro inaivunja kanuni hiyo tangu mwanzo: kutoka kambi ya Machame hadi Shira ni karibu mita elfu moja kwa siku moja.

Nimesoma juu ya watu wanaovuka mapito ya Himalaya. Thorong La, huko Nepal, ni pito maarufu la mita 5,416, na wanaolivuka hutembea kwa siku nyingi wakipandisha kidogo kidogo, wakipumzika siku nzima kwenye vijiji vya njiani ili damu izoee. Uhuru ni juu zaidi ya Thorong La, juu zaidi hata ya kambi ya chini ya Everest upande wa Nepal, lakini watu wetu wanataka kuimaliza kwa siku tano ili waokoe fedha. Fedha inaokolewa, ni kweli. Wanaoshushwa kwa machela nao nimewaona.

Dawa ya Machame ni pito la Lava Tower. Unatoka Shira, unapanda hadi kama mita 4,600 chini ya mnara wa jiwe jeusi, mabaki ya volkano yaliyosimama wima kama mita 90, unakula chakula cha mchana hapo, kisha unashuka tena mpaka Barranco, chini ya mita 4,000, kulala. Unapanda juu ili mwili uonje, unashuka ili upone. Wapo wanaonung'unika kwamba wanapoteza mwinuko walioupata kwa jasho. Kwangu siku hiyo ndiyo iliyokuwa safari yenyewe, na kama mtu angenambia nichague siku moja tu ya kuirudia, ningeichagua hiyo.

Tuliondoka jua likiwaka. Njia ni changarawe na mawe meusi, hakuna mti. Baada ya muda ukungu ukapanda kutoka bondeni, ukafuata mvua, na mvua ikageuka chembe za barafu zinazochoma mashavu. Kiongozi wetu, mtu mzima wa Machame mwenye sauti ya chini, alitembea mbele akipiga hatua fupi fupi, kisigino karibu kigusane na kidole. Nilipotaka kumpita alinyoosha fimbo. "Dada, pumzi kwanza, mguu baadaye." Nikajifunza kuhesabu: vuta, hatua; toa, hatua. Kichwa kilikuwa kinapiga kwa ndani, na tumbo halikutaka chochote. Wagumu wakatupita upande wa kushoto, migongo yao inafuka mvuke, mmoja amebeba meza, mwingine trei ya mayai iliyofungwa kwa kamba juu ya gunia, na hata yai moja halikupasuka. Kila aliyepita alisema pole, na mimi niliyebeba chupa ya maji na koti la mvua nikashindwa kupata pumzi ya kujibu.

Chini ya mnara tulikula supu. Kiongozi akapita na kile kipimo cha kubana kidoleni, akatusomea oksijeni ya damu mmoja mmoja na kuandika kwenye daftari. Namba ambazo chini pwani zingemfanya daktari aite gari la wagonjwa, hapa zinaitwa nzuri. Nilitoa korosho za kukaanga nilizotoka nazo nyumbani, zikazunguka kwa wote, na tangu hapo nikapewa jina la Dada Korosho, likanifuata mpaka getini.

Kushuka Barranco ni kuingia nchi nyingine. Kijito kinashuka pembeni, na kandokando yake inasimama ile mimea mikubwa ya ajabu, shina nene lililovikwa majani makavu, juu kabichi ya kijani. Majani yaliyokufa hayadondoki. Yanabaki kuwa blanketi la kulikinga shina na baridi ya usiku. Zipo na lobelia, ambazo hufunga majani yao jua likizama. Kila kilichoamua kuishi huku kina namna yake ya kujifunika. Saa moja tu ya kushuka ilitosha: kichwa changu kikawa chepesi, njaa ikarudi, nikala ugali sahani mbili.

Asubuhi ukuta wa Barranco uko mbele yako, kama mita 250 za mwamba. Hauhitaji kamba, unahitaji mikono. Kuna mahali njia inapungua mpaka inakubidi ulikumbatie jiwe, kifua na shavu juu yake, na kupitisha mguu upande wa pili bila kutazama chini. Mimi nililikumbatia kwa nguvu zote. Nilipofika juu na kugeuka, nikawaona wagumu wakipita palepale na ndoo, mahema na viti kichwani, mkono mmoja kwenye mwamba na mwingine kwenye mzigo. Mwaka 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni kwa mara ya kwanza inayojulikana, tarehe 6 Oktoba, nao walibebewa. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anatambuliwa kuwa ndiye aliyewaongoza. Na alikuwepo Mwini Amani, mtu wa Pangani, mtu wa pwani kama mimi, aliyebaki kambini juu kwenye baridi kali wakati wale wawili wakijaribu barafu. Shuleni nilifundishwa jina la Meyer. La Mwini Amani nililisoma ukubwani, na nasema wazi kwamba linastahili kuwa kwenye vitabu vya watoto wetu wa pwani.

Kutoka ukutani njia inapanda na kushuka mpaka bonde la Karanga, karibu mita 4,000. Hapa kuna kijito, na baada ya hapa hakuna tena. Kambi inayofuata, Barafu, ipo mita 4,673 juu ya mgongo wa mawe makavu, na licha ya jina lake haina hata tone. Chai, supu, uji, maji ya chupa za usiku wa kilele, maji ya kunawa kwenye beseni: vyote hupandishwa kutoka Karanga kichwani na mgongoni. Dumu la lita 20 ni kilo 20, mzigo mzima wa kanuni. Na aliyekwisha kuhamisha kambi kutoka Barranco asubuhi ndiye anayetumwa tena majini.

Nilikaa juu ya jiwe nikiwatazama wakishuka kijitoni. Mmoja wao alikuwa msichana, mwembamba, skafu imefungwa mpaka puani. Alipopanda na dumu nilisimama.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole na maji."

"Tumezoea."

"Unakwenda mara ngapi?"

"Wageni wakiwa wengi, mara mbili. Wengine wanaoga."

Nikamwambia anipe nimsaidie angalau mpaka kwenye hema la jikoni, kwamba kwetu Nanyamba nimekua kwa kazi hiyo. Akacheka, akanitazama usoni. "Dada, ukibeba wewe, mimi nitalipwa kwa lipi?" Akaweka dumu sawa juu ya ngata, akaenda zake. Nilibaki na swali lake. Mama yangu hakulipwa na mtu. Huyu analipwa, na malipo yake yana heshima yake, na si kazi yangu kumnyang'anya kwa huruma. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba analipwa kweli, kwamba mzigo wake umepimwa kweli, na kwamba jioni amekula. Nikiwa naye njia moja hadi Barafu kesho yake, nilijua kwamba lita tatu zilizo mgongoni mwangu zilipita kwanza mikononi mwa mtu.

Hapo kambi ya Barafu, mlima ulimshika kijana mmoja wa kundi letu. Alikuwa mwenye nguvu kuliko wote, mcheza mpira, tangu getini akitembea mbele. Usiku alianza kukohoa, kisha kupumua kwake kukawa na mchemko kifuani, na alipoulizwa jina la mkoa wake alichelewa kujibu. Juu ya milima ugonjwa huu una sura mbili za kuua: maji kujaa mapafuni, na ubongo kuvimba. Vidonge vipo, oksijeni ya mtungi ipo, ila tiba yake hasa ni kushuka, na kushuka sasa hivi. Kiongozi hakujadiliana. Aliwaita wagumu na msaidizi wake mmoja, wakamshika kwapa, taa vichwani, wakamteremsha gizani kuelekea Mweka. Tulipomkuta siku iliyofuata alikuwa amekaa, anakunywa uji, anaulizia matokeo ya mpira. Vijana waliomshusha walikuwa wamerudi juu usiku uleule kuja kufunga mahema yetu.

Sisi tuliondoka saa sita za usiku. Baridi ya saa zile siwezi kuifananisha na chochote cha Mtwara. Chupa iliganda mdomoni, vidole vikafa ganzi, na mlolongo wa taa ulipanda mbele mpaka ukachanganyika na nyota. Nilipumua, nikapiga hatua, nikasimama. Jua lilichomoza upande wa Mawenzi tukiwa hatua chache kutoka Stella Point, mita 5,756, mahali palipopewa jina la Stella Latham aliyefika hapo mwaka 1925. Kutoka pale ni mwendo wa ukingoni mwa kreta mpaka Uhuru. Tulifika tarehe 9 asubuhi. Tuliimba wimbo wa taifa, na waliobakiwa na pumzi waliumaliza. Nililia, sina haja ya kuficha. Nilimtaja mama kwa jina.

Barafu yenyewe iko pembeni, kuta nyeupe zenye rangi ya buluu kwa ndani, zimesimama peke yake juu ya mchanga mweusi. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta, wataalamu wa Ulaya walimbishia. Sasa theluji ile inakwisha: kati ya mwaka 1912 na 2007 asilimia 85 ya barafu ya Kilimanjaro ilitoweka, na UNESCO imetangaza kwamba barafu za hifadhi hii huenda zikatoweka kabisa ifikapo mwaka 2050. Mwanangu akitaka kuiona, asingoje uzee.

Kushuka ni kwa magoti. Changarawe inakimbia chini ya buti, pua inavuja, na kila mita mia mbili unahisi hewa inanenepa. Pale geti la Mweka watu walipokea vyeti na kupiga picha. Mimi nilimtafuta yule msichana wa dumu, nikampa bahashishi yake mkononi mwake, na mfuko wa korosho uliobaki.

Mtanzania mwenzangu, panda mlima huu. Mwenyeji hulipa kiingilio kwa shilingi, kidogo mno ukilinganisha na mgeni, na Wilfred Moshi, aliyekuwa Mtanzania wa kwanza kufika kilele cha Everest mwaka 2012, alianzia kazi kwenye mlima huuhuu. Lakini usiende kwa siku tano. Chukua saba au nane, na njia inayopita Lava Tower kisha ikakulaza chini. Anayekuuzia safari kwa bei ya ajabu, muulize wagumu wake watakula mara ngapi kwa siku, na watalala kwenye hema gani. Getini simama karibu na mizani mpaka mzigo wa mwisho upimwe, hata wakikuhimiza kutangulia. Kama una koti zito usilolivaa, Moshi kuna KPAP, shirika la kusaidia wapagazi ambalo huwaazima mavazi ya baridi bila malipo. Bahashishi mpe kila mtu mwenyewe, usimkabidhi mmoja agawe. Na ukiwa Barafu usiombe maji ya kuoga. Nawa uso kwa kikombe kimoja, mengine waachie jikoni.